Siku Nne Kabla ya Wenzetu

 Watu wengi wa mtaani kwetu Mabawa, Tanga, na wengine wa Muheza na Pangani, wameniuliza juu ya safari ya Namugongo tuliyokwenda mimi na mama yangu katika mwaka 2024. Swali lao ni moja: "Kundi lilikuwa na kiongozi wake, na basi lake, na ratiba yake. Kwa nini ninyi wawili mkatangulia siku nne?" Nimeona ni afadhali nijibu mara moja kwa kalamu, maana nikijibu njiani hunichukua muda mrefu, tena jibu lenyewe lina sehemu isiyofaa kusemwa njiani.

Habari za mashahidi wa Uganda mnazijua. Waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887, na kundi kubwa lao walichomwa moto Namugongo siku ya tarehe 3 Juni 1886. Hesabu iliyozoelekea ni watu 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kila mwaka siku hiyo mahujaji humiminika Namugongo, wengine kwa miguu kutoka mbali sana, na makundi kutoka Tanzania hayakosi. Kundi letu lilipatana kukutana Kampala siku ya Ijumaa, tarehe 31 Mei, saa kumi na mbili jioni, katika nyumba ya wageni tuliyopangiwa. Jumamosi tungepelekwa Munyonyo na Rubaga; Jumapili na Jumatatu Namugongo; Jumanne Jinja, kisha nyumbani.

Sasa, mimi ni mwalimu, na kwa miaka kumi na miwili nimewachorea watoto Ziwa Viktoria ubaoni bila kuliona kwa macho yangu. Nalifikiri hivi: mtu akisafiri siku mbili kwenda Kampala, akaongozwa siku nne kama mtoto wa shule, akarudi, ameona yale tu aliyoonyeshwa. Nikamwambia mama kwamba tutangulie, tuwe na siku zetu wenyewe, kila siku twende mahali asubuhi na kurudi jioni, hata wenzetu wafike. Nalidhani atakataa kwa sababu ya gharama. Hakukataa. Alisema, "Vema. Nami nina mahali pangu pamoja."

Wiki saba kabla ya safari nalikaa mezani na daftari, na rula, na ramani ya shule, nikaandika mahali kumi na pamoja: Jinja, Entebbe, Masaka, Kasubi, Namirembe, msitu wa Mabira, Makumbusho ya Uganda, na mengine. Naliona fahari juu ya orodha ile. Mama akaisoma mpaka mwisho, akauliza, "Na kula tutakula siku gani, mwanangu?"

Basi nikaanza kukata. Jambo la kwanza nalilofanya, nalo ndilo ninalomshauri kila mtu atakayejiunga na kundi, ni kuiweka ratiba ya kundi kando ya daftari langu na kuyafuta yote yaliyoandikwa pande mbili. Munyonyo na Rubaga yakatoka. Jinja ikatoka, maana kundi lingesimama pale siku ya kurudi. Tena basi la kutoka Nairobi kwa njia ya Busia huvuka mto Nili pale pale Jinja, juu ya daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 2018, kwa hiyo tungeuona mto hata kwa kwenda tu. Namugongo yenyewe nayo sikuiandika, ingawa ni karibu na mji. Wako watu hutangulia kwenda kuangalia, na siku yenyewe ikifika wanatazama saa.

Jambo la pili ni umbali. Nalichukua uzi nikapima juu ya ramani: Entebbe kilomita 40 hivi kutoka Kampala, Jinja 80, Masaka 130. Nikahesabu kwamba kilomita mia ni saa moja na nusu, kama mtu aendaye Korogwe asubuhi na mapema. Ramani ile haikuwa na magari juu yake. Wenye kuijua Kampala hawaulizi ni kilomita ngapi, wanauliza utatoka saa ngapi.

Jambo la tatu ni fedha, nalo halina maneno mengi. Kenya, Uganda na sisi sote twaita fedha zetu shilingi, lakini jina ni moja na thamani ni tatu. Shilingi ya Kenya huzidi shilingi zetu kumi. Ya Uganda ni pungufu ya yetu. Mtu akitajiwa bei ya nauli Kampala, na asitishike kwa wingi wa sifuri, ila ahesabu kwanza. Nalimtengenezea mama bahasha tatu, kila moja na bendera yake nimeichora. Viza Mtanzania hahitaji, ila pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, navyo visitafutwe wiki ya safari.

Zikabaki siku tatu za kwenda na kurudi, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na Jumanne ya kupumzika. Ndipo nikamwuliza mama juu ya mahali pake. Akasema, "Lukaya."

Nalitafuta katika ramani, nikapaona: mji mdogo wa barabarani, kama kilomita mia kutoka Kampala kwa njia ya Masaka. Hapana kanisa maarufu pale, wala jumba la kale. Mama akasema, "Baba yako alipita."

Baba yangu, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, akaitwa pamoja na wenziwe, akaenda. Sisi watoto alitusimulia mengi juu ya vita vile. Alitusimulia baridi ya Kagera, ambayo kwa mtu wa pwani ilikuwa kama adui wa pili. Na viatu vilivyooza miguuni. Na jinsi watu wa Kampala walivyotoka mabarabarani kushangilia mwezi wa Aprili 1979. Lakini tulipomwuliza juu ya Lukaya alikuwa akisema, "Lukaya palikuwa na vyura," kisha anaondoka kwenda kuangalia kuku.

Sasa nitaungama kosa langu. Lukaya naliiandika siku ya Ijumaa, siku ya mwisho, ambayo jioni yake tulitakiwa kukutana na kundi. Jumatano niliipa Entebbe, na Alhamisi Namirembe na Kasubi. Mama aliponiuliza sababu, nalimwambia tuanze na safari fupi ili miili izoee. Sababu ya kweli ni kwamba naliiona Lukaya kuwa mahali pasipo na kitu cha kuona. Entebbe ina bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1898, na ziwa. Kasubi ina makaburi ya Makabaka. Haya yamo vitabuni. Mwalimu hupenda kwanza yaliyomo vitabuni. Mama hakubisha. Alikunja kitambaa cheupe akakitia katika mkoba wake.

Tulitoka Tanga alfajiri ya Jumamosi kwa njia ya Horohoro, tukapitia Mombasa, tukapumzika Nairobi, na Jumatatu tukafika Kampala salama, ila miguu ya mama ilikuwa imevimba. Kwa hiyo Jumanne ile ya kupumzika haikuwa anasa. Mtu wa umri wake akikaa usiku mbili garini, siku ya tatu hana deni kwa mtu yeyote.

Mlinzi wa lango la nyumba ya wageni alikuwa mzee mwenye kujua Kiswahili. Nikamwonyesha daftari langu, nikitumaini kusifiwa. Akasoma kwa kidole, akafika Ijumaa, akatikisa kichwa. "Mwalimu, barabara ya Masaka siku ya Ijumaa, na sikukuu iko karibu? Nendeni huko kesho. Entebbe haikimbii." Yalikuwa maneno ya mtu anayejua, nami sikuyafuata, kwa kuwa nilikwisha kumlipa mwenye gari la Entebbe nusu ya fedha zake. Fedha zile zingalipotea, hasara ingalikuwa ndogo.

Entebbe yenyewe sitaisema vibaya. Tulitembea chini ya miti mikubwa mpaka maji yalipo, mama akasimama akatazama. Ng'ambo haikuonekana. Kwa mtu wa Tanga, maji yasiyo na ng'ambo ni bahari, hapana neno jingine. Akaniuliza, "Yanakupwa saa ngapi?" Nikamwambia hayakupwi wala hayajai, ni ziwa. Hakuamini. Akachovya kidole akaonja, akanitazama kama niliyemdanganya miaka yote. "Hayana chumvi!" Alitaka kuingia hata magotini, nikamzuia kwa ajili ya kichocho. Somo la Ziwa Viktoria nimelifundisha miaka kumi na miwili, na siku ile nalitambua kwamba sijapata kuwaambia watoto wa pwani jambo lile ambalo wao wangeliuliza kwanza.

Alhamisi tulikwenda Namirembe, tukaona kaburi la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885, na la Mackay, aliyefariki mwaka 1890 Usambiro, kusini ya ziwa, upande wetu wa Tanzania, mifupa yake ikachukuliwa baadaye hata Namirembe. Kutoka hapo tukaenda Kasubi. Nyumba ile kubwa ya nyasi iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi. Makabaka wanne wamezikwa pale, na mmoja wao ni Mwanga mwenyewe, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Mama alikuwa hajui. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe aliyewaua naye amelala mji huu huu, na watu wanavua viatu." Kiongozi wa kundi hakuwa na Kasubi katika ratiba yake. Mimi naona ingefaa iwemo, maana asiyefika Kasubi atamjua Mwanga nusu tu.

Siku ya Ijumaa mvua ilinyesha tangu saa kumi ya usiku. Gari tulilopatana litoke saa moja lilitoka saa nne. Njia ya kutokea mjini ilijaa magari. Tulikaa mahali pamoja muda wa kutosha mama kumaliza rozari yake na kuanza tena. Kayabwe, ambapo barabara hupita juu ya mstari wa Ikweta, nilikuwa nimeandika nusu saa ya kusimama, ili niwachukulie wanafunzi wangu picha. Tulipita bila kusimama. Nilitazama dirishani nikaona duara nyeupe kando ya barabara, ikapotea.

Baada ya hapo nchi ikalala. Barabara huenda juu ya tuta, na pande zote mbili ni bwawa la Lwera, maji na mafunjo, mpaka karibu na Lukaya. Nalijua tu kwamba mama amepaona, kwa sababu aliacha kusema.

Ilikuwa saa nane na nusu. Lukaya ina soko la barabarani linalojulikana na kila dereva: vijana hukimbilia magari wakiinua kuku wa kuchoma katika vijiti, na ndizi tamu za kuchoma ambazo wao huziita gonja. Mama alinunua gonja kwa bibi mmoja mzee aliyeketi nyuma ya jiko lake. Bibi yule alimwita "nyabo", ndiyo heshima yao kwa mwanamke, na mama akamjibu kwa Kiswahili cha kwetu, taratibu. Bibi akainua uso. Katika nchi ile watu wengi wa umri wake walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari, tena askari wa Amin, wala hawakukipenda. Akauliza kwa maneno machache aliyokuwa nayo, "Tanzania?" Mama akasema ndiyo. "Bakombozi," akasema bibi, ndilo jina walilowaita askari wetu, yaani wakombozi. Akaongeza gonja mbili ambazo hatukuzilipia.

Tukarudi kwa miguu kidogo kuelekea bwawani, mimi nikitazama saa. Mama akasimama penye ukingo wa tuta. Ndipo aliponiambia.

"Baba yako alikimbia hapa."

Vitabu vya vita vile nimevisoma baadaye, navyo vinakubaliana na maneno ya mama. Siku ya tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilifika Lukaya. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kurusha makombora. Mgambo wengi walikuwa hawajapata kusikia mshindo wa namna ile, wakatawanyika gizani, wakaingia bwawani. Usiku ule ule brigedi ya 208 ikazunguka mbali, na kulipopambazuka ikatokea upande wa pili, wale wa 201 wakajikusanya, na Lukaya ikatwaliwa tarehe 11.

"Alisimama ndani ya maji mpaka kifuani, katikati ya mafunjo," mama akasema. "Aliniambia mara moja tu. Alisema makombora yalipoanza vyura wote walinyamaza. Yeye akadhani amekwisha kufa, maana hakusikia kitu. Kisha chura mmoja akalia, na mwingine, na bwawa zima. Hapo ndipo alipojua kwamba yu hai. Asubuhi akatoka, akawafuata wenziwe." Alikuwa ameshika kile kitambaa cheupe. "Nimekuja kuwasikia, mwanangu."

Wasomaji wangu, ilikuwa saa tisa na nusu ya mchana. Bwawa lilikuwa kimya, ila malori. Vyura huanza jua likizama. Nikamwambia, "Mama, saa kumi na mbili tunangojwa." Akasema, "Hata magharibi tu." Nikamwambia kwamba kiongozi atasoma majina, na vyumba vitagawanywa, na si heshima kuwaweka watu sitini. Yote yalikuwa kweli. Nalimsemesha kwa upole, kama nisemavyo na mzazi wa mwanafunzi. Alitazama bwawa tena, akakunja kitambaa, akaingia garini.

Tuliondoka saa tisa na dakika arobaini. Giza lilitukuta kwenye foleni, kilomita kumi na tano kabla ya mji, injini zimezimwa, watoto wakiuza maji dirishani. Tulifika nyumba ya wageni saa tatu ya usiku. Mkutano ulikuwa umekwisha zamani. Majina yetu yalisomwa, mtu akasema tuko njiani, wakaendelea. Kiongozi hakukasirika hata kidogo. Alimpa mama ufunguo akamwuliza kama amekula.

Mlinzi wa lango alinitazama asiseme neno, nami nikamshukuru kwa hilo.

Siku za kundi zilikwenda vema. Namugongo sitaieleza hapa, kwa kuwa wengi wenu mmefika, au mmesimuliwa na waliofika. Mama aliwaombea watu wote wa Mabawa kwa majina, kazi ambayo si ya dakika chache. Jinja aliona Nili kwa karibu. Nalimwuliza mahali gani palimpendeza zaidi, akasema Entebbe, kwa ajili ya maji yasiyo na chumvi. Juu ya Lukaya hakusema.

Naandika haya wakati wa mvua za vuli. Maji yamesimama katika mtaro ulio mbele ya nyumba yetu, na jioni vyura wa Mabawa hulia mpaka mtu hawezi kusahihisha madaftari. Juzi nilimkuta mama ameketi barazani gizani, taa ameizima. Nikamwomba ruhusa ya kuyaandika mambo ya baba. Akafikiri, akasema, "Andika. Lakini uandike na kwamba asubuhi alirudi." Nimeandika.

Kisha nikaleta daftari. Nimefungua ukurasa mpya kwa mwaka ujao, kama Mungu akipenda, nao una safari moja tu. Kufika Kampala, na kupumzika. Siku ya pili Lukaya, gari la saa kumi na mbili asubuhi. Kuwaona vyura magharibi. Kulala huko huko penye nyumba ya wageni. Kurudi kesho yake saa nne. Entebbe haimo, wala Ikweta. Nilimpa mama ausome kwa mwanga wa simu. Alisoma mpaka mwisho, akaniomba kalamu. Alifuta neno moja, "kuwaona", akaandika juu yake "kuwasikia". Kisha akafuta "saa nne", asiandike kitu mahali pake.